Mama Mpokezi na Kofia ya Mngazija

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo na kikombe chako: umewahi kumtukana mtu mpaka akakupa chumba? Chumba cha kweli, chenye mlango na kitasa, dirisha linatazama mtaani? Hujawahi. Basi mimi namjua mtu aliyekuwa anafanya hivyo, na ndiyo ilikuwa kazi yake, kama mwingine kazi yake kuuza vitumbua. Sogea huku. Usikae mlangoni, unanizibia upepo.

Sisi tulimwita Mama Mpokezi. Jina lake hasa usiniulize, kazi ililimeza. Hapo ni enzi ya Mwingereza, kabla ya ile vita ya pili, mimi mwali nimetolewa ndani juzi juzi, nina kanga mpya na mdomo usiofungwa. Shule sikusoma. Chuoni nilifika Juzuu Amma, na hapo nilifika kwa fimbo. Nyumbani kila nikiwekwa jikoni nasimulia, nasimulia, wali unaungua. Siku moja mama yangu akachoka. Akanishika mkono akasema, "Nenda kwa Mama Mpokezi ukamsaidie. Labda huko mdomo wako utapata kazi."

Siku hizi mna neno zuri, kujitolea. Sisi hatukujitolea. Mimi nilitolewa na mama yangu kwa mwiko.

Ilikuwa nyumba ya chama cha akina mama, wale waliokuwa wakicheza ngoma Mnazi Mmoja kwenye sikukuu, sare za kanga, mnawajua. Bi mkubwa mmoja wa chama alikufa hana mtoto, akaiacha nyumba yake, nyuma ya soko la Kariakoo, akasema alale humo asiye na pa kulala. Nyumba ya Kiswahili hii hii, vyumba sita, ukumbi katikati kama njia ya garimoshi, uani nyuma. Kila Ijumaa wanachama wanaleta mchele, mwingine muhogo, mwingine maneno tu. Na watu walikuwa wanakuja! Mwingine ameshuka na reli kutoka bara na mke na watoto, ndugu aliyeahidiwa kumpokea kahama. Mwingine banda lake la makuti limevunjwa na watu wa serikali kwa kuwa halikuandikwa. Mwingine mwenye nyumba kamtoa, na kitanda kiko barabarani, na mama mkwe kakaa juu yake amenuna.

Sasa huyo Mama Mpokezi. Mfupi, mnene, akikaa ni sawa na akisimama. Sauti yake ukiwa sokoni unaisikia. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Kabila gani?"

"Mzaramo."

Akapiga makofi. "Mtani wangu! Wameniletea Mzaramo! Ngoma ikilia Pugu, wali unaungulia Kariakoo! Kaa hapo, maiti wewe, nikupe chai."

Yeye alikuwa Mnyamwezi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu babu zao walipokuwa wanashusha mizigo ya pembe pwani na babu zetu wanawapa pa kulala. Mtani anakutukana, anakuchukulia kuku wako, anakuzuilia jeneza njiani mpaka umpe kitu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako. Na mtani akikuomba, unampa. Ndivyo ilivyo.

Nami sikukaa kimya. Nikamwambia, "Nyie mlikuja mjini na mizigo kichwani, mpaka leo mnatafuta pa kuitua."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Huyu atanifaa."

Alikuwa na mambo yake. Jambo la kwanza, mtu akifika, hata awe analia, hata awe amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni, na wapo waliofika hivyo, marufuku kumuuliza ametoka wapi. Swali ni moja: "Umekula?" Mimi siku ya pili nilimkuta mama mmoja mlangoni na watoto, nikaanza, "Mmetoka wapi? Mumeo yuko wapi? Kwa nini mmefukuzwa?" Nikasikia kofi la kichwa kutoka nyuma. "Wewe Mzaramo, wewe ni karani wa boma? Mtu ana njaa unamuuliza safari! Njaa haijui njia." Baada ya uji ndiyo mtu anajieleza mwenyewe, na akianza hanyamazi, unatamani umrudishe kwenye uji.

Jambo la pili, majina hakuwa anashika. Anamwita mtu kwa kitu alichofika nacho. Tulikuwa na Baba Mlango, yule aliyebeba mlango. Tulikuwa na Mama Kinu. Tulikuwa na bwana mmoja mtaratibu sana, mswalihina, alifika ameshika bata, basi mpaka anahama ni Mzee Bata, na bata mwenyewe tulishamla siku ile ile. Na waliyapenda majina yao. Baba Mlango alipopata nyumba akaweka mlango wake ule ule, akatualika tuje tuufungue na kuufunga.

Na mkinzani! Anasema uongo ni dhambi, na hapo hapo anamdanganya Mwarabu mwenye duka pale kona kwamba chama kina mgeni mheshimiwa kutoka Tabora, anapewa sukari, mgeni mheshimiwa ni Mzee Bata. Anapokea dunia nzima, lakini yeye ukimpelekea sahani ya wali anakasirika. "Mimi ni mgonjwa? Nimefiwa?" Ana chumba chake mle ndani, kizuri, cha mbele, lakini kila ukiamka unamkuta amelala ukumbini kwenye jamvi, chumbani kawaweka watu. Na analala na kukoroma, ee Mola wangu. Watoto wa bara waliokuwa wanaogopa simba walikuwa wanatulia, wanajua hakuna simba atakayekaribia.

Haogopi askari, haogopi mlevi. Anaogopa kuku. Kuku akipita uani, anapanda juu ya kinu, Mama Mpokezi mzima, na ule unene, anapiga kelele, "Mzaramo! Mtoe ndugu yako!"

Sasa kulikuwa na bwana afya. Mswahili mwenzetu, kaptula ya kaki, soksi mpaka magotini, kazi yake kupita nyumba kwa nyumba kutazama mbu kwenye mitungi na watu wangapi wanalala. Serikali ilikuwa haitaki watu walale ukumbini, wanasema ni ugonjwa. Na sisi ukumbi wetu usiku unavuka kama unavuka mto, mguu huku, mguu kule. Mama Mpokezi akatafuta dawa. Bwana afya akionekana kona, mtoto anapiga mluzi, ngoma inaanza, majamvi yanakuwa ya wageni, na mimi natiwa ndani, nafunikwa kanga. "Karibu bwana afya! Leo tuna harusi!" Bwana afya anakaribishwa pilau ambayo haijapikwa, anatoa udhuru, anaondoka.

Niliolewa sana mimi. Niliolewa na Baba Mlango. Niliolewa na Mzee Bata, alikaa amenyooka kama msumari, jasho linamtoka, mkewe wa kweli anapiga vigelegele. Mpaka siku moja bwana afya akaingia, akafunua kanga, akanitazama. "Huyu binti ameolewa tena?"

Mama Mpokezi akasema, "Bwana afya, hana bahati na waume."

Yule bwana akacheka, lakini akacheka kidogo tu. Akasema, "Mama, mimi nakuheshimu. Lakini nimeagizwa. Jumamosi nakuja na mkubwa wangu Mzungu. Akikuta mtu amelala ukumbini, nyumba inafungwa, wote mnatoka, na wenye vyumba na wasio na vyumba. Mimi sitaweza kufanya kitu."

Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Tukaanza kutoa watu. Wengine walipata vyumba Ilala, wengine Magomeni, kila mtu kwa mtani wake. Mama Mpokezi anaingia kwa Mzaramo mwenye nyumba, anakaa kwenye kiti chake, anakunywa maji yake, anamwambia ana kichwa kama boga la Kisarawe, na akitoka nyuma yake familia imeshaingiza mikeka. Mji huu una Wazaramo wengi, alhamdulillahi, kwa hiyo na vyumba vilikuwa vingi. Lakini ilipofika Ijumaa, ukumbini imebaki familia moja. Baba Kandili.

Huyu alikuja kutoka bara kubeba mizigo bandarini, mtu mrefu mpole, banda lao lilivunjwa, na hapo mvua ya masika ndiyo inaanza. Alichookoa ni kandili moja, kioo haina. Anatembea nayo mchana. Ukimuuliza anasema, "Nikipata pa kuitundika, nitanunua kioo." Na watoto watatu, na mkewe, Mama Kandili, tumbo liko hapa, ya leo au ya kesho. Vyumba vyetu vyote sita vimejaa wajawazito na wazee, kidole hakiingii. Kila mtu tuliyemuuliza Ijumaa ile anasema, "Watoto watatu na wa nne njiani? Samahani, mtani." Mtani anayesema samahani ujue kweli hana nafasi.

Mchana Mama Mpokezi akanivuta. "Twende. Kuna nyumba upande wa Gerezani, nimeambiwa ina chumba kitupu miaka, kimefungwa tu." Tukaenda sisi wawili, na Baba Kandili nyuma na kandili yake, na Mama Kandili anakwenda pole pole ameshika kiuno; watoto tumewaacha na wazee nyumbani. Wingu limekaa juu yetu jeusi. Tukafika mtaa wenyewe, Mama Mpokezi akamuuliza muuza karanga, "Nyumba ile ya bati jipya, kwa nani?"

Muuza karanga akasema, "Pale? Pale kwa Mzaramo."

"Basi imekwisha," akasema Mama Mpokezi, akajifunga kanga kibwebwe. Baba Kandili na mkewe wakabaki barazani. Sisi tukaingia.

Ukumbini kuna mkeka mpya, uvumba unanukia, wamekaa wazee wanne na kanzu nyeupe kama maziwa, birika la kahawa katikati. Mwenye nyumba kwenye kiti, mzee mwembamba, ndevu amechana, kofia ya kutunga kwa mkono kichwani, ile kofia ambayo fundi anaishona mpaka macho yanamuuma. Mtu mwingine angeona kuna shughuli. Mama Mpokezi aliona Mzaramo.

"Hodi sipigi!" akasema. "Nasikia umekufa, nimekuja kuchukua sanda! Kumbe maiti anakunywa kahawa!"

Wale wazee vikombe vikasimama hewani. Mama Mpokezi akamnyang'anya mmoja kikombe, akanywa. "Nyumba kubwa kama boma, ndani mtu mmoja kama panya ghalani! Hizo ndevu umezikopa kwa mbuzi gani?" Halafu, wallahi sikudanganyi, akanyoosha mkono, akamvua kofia yule mzee, akaivaa yeye.

Sasa mimi nimesimama pembeni, nikaona pazia la chumba linatikisika. Msichana katoa jicho moja na mkono mmoja, ananiita kwa vidole. Nikasogea. Akaninong'oneza, "Mnamtakia nini baba? Washenga hao! Wameleta posa yangu!"

Nikasema, "Si mtani wake huyu? Nyinyi si Wazaramo?"

"Mzaramo ni babu mzaa mama, ndiye aliyejenga nyumba. Baba Mngazija!"

Mngazija! Mngazija na Mnyamwezi hawana utani hata wa kukopeshana. Mngazija na heshima zake, mtu ambaye kofia yake haiguswi hata na mkewe! Nikamvuta kanga Mama Mpokezi. "Mama," nikasema, "Mama, twende."

"Niache Mzaramo, bado sijamaliza pua yake."

"Mama!"

Mshenga mmoja, mzee wa makamo mwenye tumbo, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akafuta machozi. Akamgeukia mwenye nyumba, "Ndugu yetu, hukutuambia. Huyu ni mtani wako?"

Nikamwona yule mzee anawaza, na mimi mdomo wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, umefungwa. Maana fikiria na wewe. Akisema si mtani, basi ni mzee aliyevuliwa kofia na mwanamke asiyemjua, nyumbani kwake, mbele ya wakwe. Posa inatoka mbio. Nje radi ikapiga, na nikamsikia Mama Kandili barazani anasema "Aaah" ile aah ambayo mwanamke akiisikia anajua.

Yule mzee akashika ndevu. Akasema, pole pole, "Ndiyo. Mtani wangu. Wa siku nyingi."

"Basi anataka nini?" akauliza yule mwenye tumbo, anafurahi.

"Chumba!" akasema Mama Mpokezi. "Chumba ulichofungia panya wenzako!"

Yule mzee akafunga macho. Baadaye ndiyo tulijua: kile chumba alimwekea ndugu yake wa Ngazija, aliyesema anakuja. Kila Ijumaa anakifagia, anabadilisha shuka, anafunga. Ndugu haji. Mkewe alikufa anamwambia akipangishe, hakukubali. Sasa mshenga akampiga bega. "Mpe, mzee. Mtani hakataliwi, hata kwetu tunajua." Naye akaingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo.

Mvua ilishuka tukiwa tunamwingiza Mama Kandili. Washenga wakatolewa mbio na viatu mkononi. Wakunga wakawa mimi, yule bibi harusi mtarajiwa, na Mama Mpokezi bado ana kofia kichwani, hakuna aliyekumbuka kumvua. Mtoto wa kiume. Kandili ikatundikwa kwenye msumari bila kioo, inavuta moshi wote tunakohoa, mtoto naye.

Ndipo nikamwambia. "Mama Mpokezi, huyu mzee Mngazija."

Akashika kichwa, akaikuta kofia. Akakaa chini pale pale kwenye maji. "Nimemvua kofia Mngazija! Nimemwita mbuzi!" Akaenda kwa magoti mpaka ukumbini, kofia ameishika kwa mikono miwili kama Msahafu. "Bwana, nisamehe, mimi mjinga, niliambiwa..."

Yule mzee akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza. Akanong'ona, "Nyamaza! Ukiniomba radhi mtaa mzima utajua. Wakwe wanarudi Ijumaa ijayo. Njoo unitukane."

"Nikutukane tena?"

"Kidogo," akasema. "Ila ndevu ziache."

Basi kila Ijumaa tukawa tunakwenda, na Mama Mpokezi, mwanamke aliyemtukana liwali na maliwali, alishindwa. Aibu ilimkaba. Anasimama mbele ya wakwe anasema, "Wewe... samahani... maiti. Shikamoo, maiti." Yule mzee anamkonyeza aongeze. Mimi nilikuwa nakwenda nyuma ya pazia na bibi harusi, tunang'ata kanga tusicheke.

Na Jumamosi ile Mzungu alikuja, na bwana afya. Ukumbi mtupu, umefagiliwa, hata mkeka hakuna. Mzungu akatikisa kichwa, akatoka. Bwana afya akabaki nyuma, akauliza, "Na bi harusi?" Mama Mpokezi akasema, "Ameachika." Nyumba ikabaki wazi. Usiku ule ule ukumbi ukajaa tena, lakini hiyo si habari ya bwana afya.

Yule mtoto aliyezaliwa kwenye mvua, Baba Kandili akampa jina la yule ndugu wa Ngazija. Hakuambiwa, aliamua mwenyewe. Mzee alipoitwa kumwona, alisimama mlangoni mwa chumba chake muda, kisha akaenda barazani akamwambia muuza karanga, "Ndugu yangu amefika."

Mimi niliolewa, kweli safari hii, na bwana afya hakualikwa. Nikahamia Magomeni, nikazaa, maisha yakanibeba. Miaka imepita nikasikia nyumba ya chama imegawanywa kwa ukuta, sijui ndugu gani wa yule bi mkubwa marehemu wamedai urithi. Nikauliza, na Mama Mpokezi? Hakuna anayejua. Nikamtafuta huku na huku, mpaka siku moja nimekwenda Gerezani kununua sufuria, nikasikia sauti. Sauti ile ile, nyembamba kidogo, lakini ile. "Ongeza! Hujanichoma hata kidogo!"

Nikaifuata mpaka nyumba ya bati, bati sasa limechakaa. Chumba kile kile. Amelala kitandani, mguu umevimba, kanga mpya begani. Baba Kandili na watu wake walishajenga kwao, kandili wameiacha kwenye msumari, ina kioo. Na yule Mngazija, mgongo umepinda, amekaa kwenye kigoda anamlisha uji kwa kijiko. Mama Mpokezi anapokea kijiko! Yeye ambaye sahani ya wali ilikuwa inamuudhi!

Mzee anasema kwa adabu, "Wewe bibi... wewe si mzuri sana."

"Hilo ni tusi? Washenga wangekucheka. Sema uso wangu kama nini?"

Mzee akawaza. "Kama... mwezi."

"Mwezi! Huyu ananitukana au ananiposa?"

Aliponiona, hakuniuliza nimetoka wapi. Akasema, "Mzaramo, umekula?" Nikapewa uji wake. Nikamwambia, "Kumbe mzigo umeupatia pa kuutua, Mnyamwezi wewe, kwa watu wasio hata watani wako." Akacheka, akashika ukuta, kama siku ya kwanza. Akasema, "Mtani anatengenezwa, mtoto. Wewe ingia tu na sauti." Wiki kadhaa baadaye akafa, na kwenye maziko yule Mngazija ndiye aliyezuia jeneza mlangoni kama mtani, mnyonge, kofia kichwani, hajui aseme nini, akasema tu, "Mnampeleka wapi mgeni wangu? Hajala." Watu walicheka wakalia kwa pamoja.

Sasa kwa nini nimekusimulia. Mjukuu wangu, huyu wa mwisho, anasoma chuo, yuko fildi, anajifunza kazi, Ilala kwenye ofisi ya watu wanaosaidia familia zilizokosa pa kukaa. Hawamlipi, wanampa chai. Alikuja jana na shikamoo yake, amechoka, anasema, "Bibi, tuna mama na watoto wanne, kila mwenye nyumba anakataa. Tunawauliza maswali mengi, tunajaza makaratasi, chumba hakuna." Nikamsimulia yote haya. Akasikiliza, akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. Kisha akaketi. Akageuza shingo, akatazama uani. Akatazama kile chumba changu nilichoweka magunia ya mkaa na kitanda cha marehemu babu yake.

"Bibi," akasema, "kile chumba kina nini?"

Nikasema, "Kina mambo yangu."

Akasimama, akajifuta, akanibusu mkono. Akaniahidi: Jumamosi anakuja, na anakuja na rafiki yake mmoja wa ofisini, Mnyamwezi, ana sauti, na watanitukana humu ndani mbele ya majirani wote mpaka nitoe ufunguo.